Sekunde Kumi na Moja

Kazi yangu ni kusikiliza kimya.
Miaka saba langoni, Barabara ya Othaya:
nakijua kimya cha paka na kimya cha mtu,
kimya cha geti lililofungwa
na cha geti lililorudishiwa tu.
Hilo ndilo ninalolipiwa.

Kwa hiyo Wakesho aliponiambia,
"Mghoi anakoroma kama lori la mchanga,"
nilicheka. Nikasema ni ukoo,
babu yangu kule Wundanyi
alikuwa akifukuza ngedere shambani bila kuamka.

Narudi Umoja saa moja asubuhi,
mtoto ameshavaa sweta ya shule,
macho mazito, utadhani tulikesha lindo pamoja.
Godoro liko dirishani, limeloa tena.
Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu:
Hasikilizi. Anasinzia. Mlazeni mapema.

Alikuwa akilala saa mbili.
Alilala amepiga magoti, shingo nyuma,
mdomo wazi
kama anayengoja tone kwenye bomba la mgao.

Usiku wangu wa mapumziko, mwezi wa saba,
baridi imepenya chini ya mlango,
nikaketi kitandani, nikasikia.
Kwanza lori. Kweli, lori la mchanga,
linapanda mlima kwa gia isiyofaa.
Halafu likazima.

Kifua kilipanda. Tumbo likavuta,
mbavu zikavuta,
na hewa haikuingia.
Tatu. Nne. Friji ya jirani ikanguruma.
Saba. Wakesho akasema gizani,
"Ngoja. Atarudi."

Atarudi.
Kumbe alishazoea kungoja,
usiku hata usiku,
nami nikilinda magari ya watu.

Kumi na moja:
akavuta pumzi kwa kishindo
kama aliyeopolewa kisimani,
akageuka upande. Hakuamka.

Daktari alisikiliza simu ya Wakesho,
dakika nne za giza, akihesabu kwa kalamu.
Akammulika kooni, akaniita nione:
mafindo mawili, mekundu, yamesogeleana
kama majirani wanaonong'ona mlangoni
wasimpishe mtu.
"Na nyuma ya pua kuna nyama nyingine.
Hizo huwezi kuziona."
Mlango, nikawaza. Na mimi ni mlinzi.

Dirisha la bima: "Mtambo umelala."
Jumatatu umelala. Jumatano umelala.
Nilitaka kumuuliza yule kijana
unalalaje, chali au kifudifudi,
na nani anauhesabia pumzi.

Siku yenyewe, alivaa gauni la kijani lililomzidi,
akanishika kidole
hadi mlango wa pili.
"Baba, wewe mwisho wako hapa."
Nimengoja usiku mzima mara elfu.
Dakika zile arobaini sikujua niweke wapi mikono.

Hakuna aliyeniambia kuhusu harufu.
Wala madoa meupe kooni, wala sauti ya mkwaruzo
iliyoniambia, wazi kabisa, "Sikupendi."
Uji uliopoa, akaukataa. Barafu ya ukwaju
tuliila sisi, tukiwa tumesimama.
Siku ya tisa akaomba chapati,
akala moja na nusu, akamuuliza mama yake
kwa nini anamtazama hivyo.

Sasa halii lori.
Analala ubavu, mdomo umefumbwa,
na mimi, mtaalamu wa kimya,
kimya hiki sikijui.
Nimeweka mgongo wa mkono puani pake
mara ngapi, sisemi.

Jana, saa tisa usiku, nikampigia Wakesho.
Hakuuliza kitu. Aliiweka simu kwenye mto.
Nikasimama chini ya taa ya geti,
kofia mkononi, sikio limebanwa,
mbwa wa nyumba ya pili akabweka, akanyamaza.
Sikusikia chochote.
Nikaendelea kusikiliza
hadi salio likaisha.